Tausa Hataki Matope

Mmekaa vizuri? Masikio yamefunguka, mapana kama ya ndovu? Basi sikilizeni habari za Tausa.

Tausa alikuwa ndovu mdogo. Alikuwa mdogo sana, hata aliweza kupita chini ya tumbo la ndovu mkubwa bila kuinama.

Aliishi chini ya kilima, katika makao ya ndovu wadogo wasio na mama. Hapo palikuwa na mabanda ya mbao, blanketi nyingi, na watu wa kuwalea.

Mlezi wake aliitwa Mwadime. Mwadime alikuwa mrefu kama mlingoti, na alivaa koti la kijani na gambuti nyeusi. Alipotembea, gambuti zilisema: kwap, kwap, kwap.

Kila asubuhi mlango wa banda ulilia, kriiii. Mwadime aliingia na chupa kubwa ya maziwa.

"Umeamkaje, mama?" aliuliza. Tausa alikuwa mtoto, lakini Mwadime alimwita mama, kama watu wanavyowaita mabinti zao wanaowapenda.

Tausa alikuwa ameshaidaka chupa. Mdomo ulikuwa na kazi. Gulu, gulu, gulu. Maziwa yakaisha, povu likabaki kidevuni.

Baada ya maziwa, wote walikwenda porini.

Mbele alitangulia Irima, ndovu msichana, mkubwa kuliko wenzake. Alitembea polepole na hakupenda fujo.

Nyuma yake alikuja Maktau. Maktau alikuwa ndovu mvulana ambaye hakuweza kuona kitu bila kukivuta. Akiona tawi, alivuta. Akiona mkia wa Irima, alivuta.

Nyuma kabisa alikuja Tausa, ameshika koti la Mwadime kwa mkonga wake.

Porini, Irima alivunja matawi na kuyatafuna. Kwaju, kwaju. Tausa naye akaokota jani moja kwa mkonga. Likaanguka. Akaliokota tena. Likaanguka tena. Akaliokota tena, likamtekenya puani.

Chyaa. Tausa alipiga chafya, jani likaruka likatua juu ya kofia ya Mwadime.

"Asante," alisema Mwadime. "Nilikuwa nahitaji pambo."

Jua lilipopanda juu kabisa ya kilima, kila ndovu alijua ni wakati wa nini. Ni wakati wa matope.

Bwawa la matope lilikuwa jekundu, maana udongo wa huko ni mwekundu. Maktau aliingia mbio. Chubwi! Irima aliingia taratibu, akajilaza ubavu. Pwaaa.

Matope yaliwapoza. Yaliwafukuzia nzi. Yaliwafunika ngozi isiungue na jua. Ndiyo maana ndovu wote wa pale walikuwa wekundu, kuanzia masikio hadi mkia.

Wote isipokuwa mmoja. Tausa alikuwa wa kijivu.

"Njoo uingie," alisema Irima. "Yamepoa vizuri."

Tausa alipiga masikio yake. Pa, pa, pa. Kwa ndovu, hiyo ni sitaki.

"Matope ni yenu," alisema. "Mwavuli ni wangu."

Na kweli, alikuwa na mwavuli. Ulikuwa mwavuli mkubwa wa manjano. Mwadime alimshikia juu ya kichwa, na Tausa akasimama chini yake kama bibi arusi.

Je, kwa nini Tausa hakutaka matope? Alikuwa na sababu yake.

Hapo nyuma, kabla ya kuja makao haya, Tausa alikuwa akitembea na mama yake porini. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Walifika kwenye kisima cha kunywea maji, wakakuta maji yamekwisha. Yalikuwa yamebaki matope tu, mazito kama uji.

Tausa aliweka mguu. Matope yakasema, fyooo. Hayakuuachia ule mguu.

Mama yake akamvuta. Shangazi zake wakamvuta. Kila wakivuta, Tausa alizidi kuzama. Akazama mpaka magotini, mpaka tumboni, mpaka shingoni.

Baadaye watu walikuja na kamba, wakamtoa. Mwadime alikuwa mmoja wao. Lakini mama na shangazi walikuwa na kiu kali, walikuwa wamekwenda mbali kutafuta maji. Watu waliwatafuta huku na huku, wasiwaone.

Tangu hapo Tausa alijua jambo moja. Matope yana mdomo, na yakikumeza hayana chini.

Kwa hiyo, kila mchana, wenzake waliposema njoo, yeye alipiga masikio. Pa, pa, pa.

"Matope ni yenu. Mwavuli ni wangu."

Makao yale yalikuwa na mlezi mwingine, aliyeitwa Mshai. Mshai ndiye aliyechanganya maziwa, na ndiye aliyempaka Tausa mafuta ya nazi masikioni kila jioni.

Jioni moja Mshai aligusa sikio la Tausa, na Tausa akaruka kando. Sikio lilikuwa linauma.

"Kaka Mwadime, njoo uone," alisema Mshai. "Masikio yamebabuka. Mafuta peke yake hayatoshi. Huyu mtoto anahitaji matope kama wenzake."

"Naona, dada," alisema Mwadime. "Lakini nikimsukuma aingie, ataniogopa na mimi."

"Sasa tufanye nini?"

Mwadime alikuna kichwa. "Tutambembeleza."

Basi wakambembeleza.

Mshai alimletea matope kidogo kwenye ndoo. Tausa aliitazama ndoo. Akaipiga teke, ikabiringika mpaka chini ya mti. Kong, kong, kong.

Mwadime alijipaka matope usoni, pua na mashavu yote. "Tazama, mama, si mabaya." Tausa alimnusa. Kisha akachukua pindo la koti lake, akamfuta pua.

Irima alijilaza ukingoni, karibu kabisa. "Weka ncha ya mkonga tu," alisema. "Ncha tu, halafu utoe."

Tausa alinyoosha mkonga. Ukafika karibu. Ukafika karibu zaidi. Matope yakatoa kipovu kidogo, fyo.

Tausa akarudi nyuma mbio, akajificha chini ya mwavuli.

"Matope ni yenu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwavuli ni wangu."

Sasa ikaja siku ya joto kali. Jua lilikuwa kali hata mijusi walijificha, na mawe ya njiani yalichoma nyayo.

Ndovu walipofika bwawani, Mshai alirudi makaoni kuchukua maziwa ya mchana. Irima alijilaza upande wa mbali, akajifunika jicho kwa sikio, akalala. Mwadime alisimama ukingoni na Tausa, ameshika mwavuli.

Maktau alitoka kwenye matope akichuruzika. Akautazama mwavuli. Ulikuwa wa manjano. Ulikuwa na pindo lililotikisika kwa upepo.

Nanyi mnamjua Maktau. Hawezi kuona kitu bila kukivuta.

Akauvuta.

"Maktau," alisema Mwadime, "rudisha."

Maktau hakurudisha. Alikimbia nao hadi katikati ya bwawa. Akauinua juu. Akauzungusha. Akauweka chini, akaukalia. Kraak.

Jua likamwangukia Tausa lote. Lilimchoma mgongo. Lilimchoma masikio yaliyobabuka. Alijaribu kujificha kwenye kivuli cha Mwadime, lakini Mwadime alikuwa mwembamba, na kivuli chake kilikuwa chembamba vilevile.

"Ngoja hapa, mama," alisema Mwadime. "Naufuata. Huenda bado unafaa."

Akaingia kwenye matope.

Ukingoni gambuti zilisema: kwap, kwap. Ndani kidogo zikasema: fyopu, fyopu. Katikati ya bwawa hazikusema kitu. Zilikuwa zimenasa.

Mwadime alivuta mguu wa kulia. Wa kushoto ukazidi kunasa. Akavuta wa kushoto. Wa kulia ukazidi kunasa. Akavuta yote miwili pamoja.

Pwaaa. Mwadime akaanguka, akakaa kitako kwenye matope mpaka kiunoni.

Maktau aliona mambo yameharibika. Akatoka upande wa pili, akasimama nyuma ya kichaka, akijifanya hayupo.

Mwadime alianza kucheka. "Haya, leo nimepatikana," alisema.

Lakini Tausa hakusikia kicheko. Alisikia kitu kimoja tu. Matope yalikuwa yakisema, fyooo.

 Akakimbia ukingoni, huku na huku. Akainua mkonga, akalia. Truuu.

"Tulia, mama," alisema Mwadime. "Sina neno. Mshai yuko njiani."

Tausa alitazama njiani. Mshai haonekani. Alimtazama Irima. Irima anakoroma. Alimtazama Mwadime. Matope yamemshika kiunoni.

Aliyajua matope. Yanaanza magotini, yanafika tumboni, yanafika shingoni. Halafu anayekupenda anakwenda mbali, na humwoni tena.

Tausa akafungua mdomo. Alitaka kusema matope ni yenu. Alitaka kusema mwavuli ni wangu. Lakini mwavuli ulikuwa umevunjika, na hakuutaka tena.

"Mwadime ni wangu," alisema Tausa.

Akaweka mguu mmoja kwenye matope.

Fyooo. Mguu ukazama. Tausa akafumba macho. Mguu ukazidi kuzama. Ukazama, ukazama.

Ukasimama.

Tausa akafumbua jicho moja. Akakanyaga kwa nguvu. Chini palikuwa pagumu. Pagumu kama sakafu ya banda.

Akaweka mguu wa pili. Ukazama, ukasimama. Wa tatu. Ukazama, ukasimama. Akaweka na wa mwisho. Matope yalimfika tumboni, na hapo yakakoma. Hayakupanda zaidi.

"Haya yana chini," alisema Tausa polepole. Hakuwahi kujua kwamba kuna matope yenye chini.

Akaenda. Fyopu, fyopu, fyopu.

Mwadime alikuwa ameacha kucheka. Alikaa kimya kabisa, asije akamshtua.

Tausa alimfikia. Akauzungusha mkonga kwenye mkono wake, akaukaza.

"Sawa, mama," alisema Mwadime kwa sauti ya chini. "Basi tuvute."

Tausa akarudi nyuma. Vuta.
Fyooo.

Vuta tena.
Fyooooo.

Vuta, Tausa, vuta.
FYOP.

Mwadime akachomoka. Gambuti moja akatoka nayo, nyingine ikabaki kwenye matope. Akajikwaa, akaanguka. Na Tausa naye, kwa vile alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote, akaanguka ubavu.

Pwaaa.

Tausa mzima alikuwa ndani ya matope. Miguu, tumbo, mgongo, shavu, sikio. Alilala hivyohivyo bila kutikisika. Alisubiri kumezwa.

Kipovu kikatoka. Fyo. Kikapasuka.

Alisubiri tena. Hakumezwa.

Badala yake, kitu kingine kilitokea. Sikio lililokuwa chini likapata baridi. Baridi ikapanda mpaka kwenye shavu, ikashuka mpaka shingoni. Na pale palipokuwa pakiuma tangu juzi, hapakuuma tena.

Tausa akainua kichwa. Akapiga sikio. Pa. Matope yakaruka, yakamfunika Mwadime uso wote.

Mwadime akajifuta macho. "Hiyo ilikuwa sitaki?" aliuliza.

Tausa alifikiri kidogo. Kisha akageuka, akajilaza upande wa pili, ili na sikio la pili lipoe.

Wakati huo njiani kulisikika gurudumu. Kwii, kwii, kwii. Mshai alikuwa anakuja na wilibaro la chupa za maziwa.

Akafika ukingoni, akasimama. Aliona mwavuli uliokaliwa. Aliona mtu mrefu mwenye gambuti moja. Na kando ya mtu huyo aliona ndovu mdogo, mwekundu kama udongo, ambaye hakuwahi kumwona.

"Kaka Mwadime," alisema, "huyu mgeni ametoka wapi?"

Ndovu mwekundu alisikia harufu ya maziwa. Akatoka mbio kwenye bwawa, fyopu, fyopu, fyopu, akaiendea chupa yake palepale inapokaa, upande wa kushoto wa wilibaro.

Mshai aliziba mdomo kwa mkono. "Tausa?"

Gulu, gulu, gulu, alijibu Tausa.

Mshai alipiga magoti, akamtazama masikio, akamtazama mgongo. Kisha akajifuta macho kwa pindo la koti. "Umemwingizaje, kaka? Ulimwambia nini?"

"Mimi sikumwingiza, dada," alisema Mwadime. "Yeye ndiye amenitoa."

Maktau aliposikia kwamba hakuna anayemkaripia, akatoka kichakani. Akaingia bwawani, akaona ncha ya kitu cheusi katikati ya matope. Nanyi mnamjua. Akakivuta.

Ilikuwa gambuti ya Mwadime, imejaa matope mpaka juu. Maktau akaiinua kwa mkonga, akajimwagia kichwani, akaichukua, akakimbia nayo porini.

"Maktau," alisema Mwadime, "rudisha."

Maktau hakurudisha. Kwa hiyo jioni ile Mwadime alirudi makaoni na gambuti moja na soksi moja. Kwap, fwata. Kwap, fwata. Kwap, fwata.

Nyuma yake alitembea Tausa. Hakushika koti. Alitembea katikati ya Irima na Maktau, na mtu aliyewatazama kwa mbali aliona ndovu watatu, wote wekundu.

Jua likazama nyuma ya kilima. Mabanda yakafunguliwa. Kriiii.

Mshai alikuja na mafuta yake ya nazi. Alipogusa masikio ya Tausa, Tausa hakuruka. Mshai akachukua kitambaa ili amfute matope.

Tausa akapiga masikio. Pa, pa, pa.

"Mwache nayo," alisema Mwadime. "Ameyasubiri siku nyingi."

"Lakini blanketi litachafuka."

"Nitalifua mimi."

Basi Mshai alimfunika Tausa blanketi, matope na yote, akawatakia usiku mwema.

Ndovu mdogo halali peke yake. Kila usiku mlezi mmoja hulala naye bandani, na usiku ule ilikuwa zamu ya Mwadime. Kitanda chake kilikuwa cha mbao, kimetundikwa juu kidogo ya nyasi za Tausa. Akapanda. Akazima taa.

Nje nyenje waliimba. Banda lilikuwa na harufu ya nyasi kavu na maziwa.

Tausa alikuwa na usingizi, lakini alitaka kwanza kuhakikisha jambo moja. Akainua mkonga gizani. Ukagusa ubao. Ukagusa blanketi. Ukaenda polepole, ukatafuta, ukatafuta, ukagusa kidole gumba cha mguu.

Kidole kikatikisika.

"Nipo, mama," alisema Mwadime. "Siendi popote."

Tausa akakinusa kile kidole. Kilinuka matope.

Mkonga ukalegea. Ukashuka taratibu, ukajikunja kwenye nyasi, na pumzi yake ikawa ndefu.

Fuuu. Fuuu.

Sasa tushushe sauti, watoto. Tausa amelala.